Kusoma nota ukubwani: njia niliyopita na laptopu ya mtumba

Mwalimu wetu wa kwaya alipohamishiwa Geita kikazi, alituachia kabati la nyimbo lililojaa mpaka mlango haufungi. Nusu ya makaratasi yale ni solfa, yaani nyimbo zilizoandikwa kwa do, re, mi, na solfa naisoma tangu nikiwa msichana. Nusu nyingine ni nota za mistari mitano. Tulisimama mbele ya kabati watu 26, kwaya ambayo ikiimba Kirumba nzima, hapa Mwanza, inajua ni Jumapili, na hakuna aliyeweza kusema ule wimbo uliokuwa juu ya rundo unaanzia wapi. Mimi ndiye kiongozi wa sauti ya pili, alto. Niliutia mkobani, nikaenda nao nyumbani, nikauweka mezani. Ulikuwa na alama tatu za flati mwanzoni mwa mstari, na hata hilo neno flati sikulijua.

Nilikuwa na miaka 44. Nauza dagaa pale Mwaloni, na wanaoijua biashara hii wanajua kalenda yake. Usiku wa giza mitumbwi huingia ziwani na taa, dagaa hufuata mwanga, na sisi wa sokoni usingizi tunausikia kwa wenzetu. Mbalamwezi ikitoka, taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika na sisi tunapumua. Kwa hiyo masomo yangu niliyapanga kwa mwezi wa angani: siku za giza dakika 15 kabla ya kulala, siku za mbalamwezi saa nzima au zaidi. Nakueleza haya kwa sababu kila ninayemshauri ajifunze ananijibu hana muda. Nilichokiona ni kwamba zile dakika 15 za kila siku zilinijenga kuliko saa nyingi za siku moja. Sikio linahitaji kukumbushwa kila siku.

Vitu vya kuwa navyo

Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM GB 4, na mpaka leo inanitosha. Kinanda sikuwa nacho, na wewe usikikimbilie. Nunua spika za masikioni, ila ziwe za waya. Zile za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na kwenye mazoezi ya mapigo huo ucheleweshaji unakufanya uhesabiwe umekosa wakati umepata. Ongeza daftari na penseli.

Kisha pakua MuseScore. Ni programu ya kuandikia nota, ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta haikudai bando tena. Angalia anwani kwa makini: programu yenyewe iko musescore.org. Ile musescore.com ni mahali pa kushirikishana nyimbo zilizokwisha andikwa, na huko ndiko kwenye mambo ya kulipia. Kama laptopu yako ni ya zamani sana, tafuta toleo la 3 badala ya la 4. Ukiona unashauriwa kupakua sauti za ziada za vyombo, ziache kwanza. Ni nzito, na sauti ya kinanda inayokuja na programu inatosha kujifunzia.

Ukiwa na bando, fungua musictheory.net, penye masomo na mazoezi ya bure, na Chrome Music Lab ya Google, ambayo haihitaji hata kujisajili. Hivyo vitatu tu. Mwanzoni nilirukaruka huku na huko kwenye programu nyingine nyingi, mwezi ukapita bila kushika kitu. Kurasa hizi ni za Kiingereza. Binti yangu wa kidato cha tatu aliniandikia maana kwenye daftari, na nikagundua maneno yenyewe ni machache, yanajirudia yaleyale.

Anza na do iliyo kooni mwako

Watu hudhani solfa ni ngazi ya chini ya muziki, kitu cha kuacha ukitaka kuwa msomi. Usikubali. Solfa hii ilibuniwa Uingereza na mwalimu wa Norwich, Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza katika karne ya 19, ili watu wa kawaida wasio na kinanda waweze kusoma na kuimba pamoja. Imekuja mpaka kwetu kwa sababu inafanya kazi. Ukiwa na solfa tayari una nadharia ya muziki nusu nzima. Kilichobaki ni kuiona kwa macho.

Kabla ya kuwasha chochote, imba: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Imba tena polepole na usikilize hatua. Utasikia kwamba kutoka mi kwenda fa ni hatua fupi, na kutoka ti kwenda do ya juu ni fupi pia. Nyingine zote ni ndefu. Ile fupi inaitwa nusu toni, ile ndefu toni nzima.

Sasa fungua MuseScore, bonyeza herufi P, kinanda kitatokea kwenye skrini. Tafuta C, ile nyeupe iliyo kushoto kwa zile nyeusi mbili. Bofya nyeupe zote kwa kufuatana ukienda kulia mpaka C nyingine, huku ukiimba do, re, mi. Halafu tazama: kati ya E na F hakuna nyeusi. Kati ya B na C hakuna nyeusi. Ni palepale pa mi–fa na ti–do. Siku nilipoliona hilo niliita watoto wote waje watazame. Kitu nilichokuwa nikikiimba miaka 30 kilikuwa kimechorwa mbele yangu.

Usiishie hapo, maana jambo lenyewe linaanza sasa. Fanya G iwe do. Bofya nyeupe tupu kutoka G: G, A, B, C, D, E, F. Mpaka la mambo yanakwenda sawa. Ukigusa F sikio litakataa. Ulitaka ti, umepewa ile sauti iliyolegea ambayo kwenye solfa tunaiita ta. Panda nusu toni, gusa nyeusi iliyo kulia kwa F. Hapo ti imekaa mahali pake. Ile nyeusi ni F shapu, yaani F iliyopandishwa nusu toni, na ndiyo sababu wimbo wenye do G unaandikwa na shapu moja mwanzoni mwa mstari. Hujakariri kitu, umeifikia kwa sikio lako. Fanya hivyohivyo kwa D, utahitaji shapu mbili. Fanya kwa F, sikio litakataa kwenye fa, na utaishusha B nusu toni iwe flati.

Kutoka hapo nikatoa kanuni mbili ambazo kwa mtu wa solfa zinafungua karibu kila ukurasa. Shapu ya mwisho kulia ni ti, panda nusu toni umefika do. Flati ya mwisho kulia ni fa, hesabu kushuka fa, mi, re, do. Jaribu kwenye nyimbo ulizonazo mpaka usihitaji kufikiri.

Tahadhari moja. Kwenye baadhi ya programu, C huitwa do siku zote, hata wimbo uwe na shapu au flati ngapi, kama wafanyavyo Wafaransa na Waitaliano. Do yetu inahama. Ukikuta zoezi la namna hiyo, liache kwanza, litakuvuruga.

Mistari mitano

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi. Nilianza kwa kukariri majina ya mistari yote na nafasi zote, halafu nikawa najibu mazoezi ya musictheory.net haraka kama mashine: nota inatokea, nabofya jina, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikajiona nimeiva. Nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya na karatasi, nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Macho yalijua na koo halikujua. Nilisimama pale mbele ya wenzangu wa sauti ya pili, ambao walinisubiri kwa upole, na sikuwa na cha kuwapa.

Tangu siku ile nikajiwekea sharti: naimba kwanza, ndipo nabofya. Nota ikitokea kwenye skrini, naiimba kwa solfa, halafu najibu, halafu nasikiliza kama nimepatia. Inachosha na ni polepole, na hakuna njia nyingine ninayoweza kukushauri kwa moyo mweupe.

Njia yenyewe ni hii. Shika nota mbili tu za kuanzia. Ufunguo wa G, ule unaojiviringisha, umeuzunguka mstari wa pili kutoka chini, na huo ndio G. Ufunguo wa F, unaotumiwa na besi, una nukta mbili zilizoubana mstari wa nne kutoka chini, na huo ndio F. Kwenye musictheory.net ingia zoezi la kutambua nota, ubofye alama ya gurudumu lenye meno, uchague nota chache tu kuzunguka hizo. Mimi nilianza na tano, na sikuongeza mpaka nipate 19 kati ya 20 nikiwa naimba.

Na hii nyingine inawafaa watu wa kwaya kuliko wapiga kinanda. Ukishaijua do iko wapi, angalia imekaa juu ya mstari au kwenye nafasi. Ikiwa kwenye mstari, basi mi na so ziko kwenye mistari miwili inayofuata juu yake. Ikiwa kwenye nafasi, mi na so ziko kwenye nafasi mbili zinazofuata. Zinakaa kama watu watatu wa ukoo mmoja kwenye benchi. Ukiziona hizo tatu, nyingine unazipata kwa kuwa jirani zao. Hujahitaji kujua kwamba hii ni B na ile ni D, unaimba.

MuseScore ina msaada mmoja ambao nilichelewa kuugundua. Bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi ndani ya mstari wa nota, uingie kwenye sifa za mstari huo, kisha sehemu ya mipangilio ya ziada. Humo unaweza kuchagua vichwa vya nota viandikwe do, re, mi ndani yake, kwa do inayohama. Nilikuwa nanakili wimbo, nauimba nikiwa na herufi hizo, kesho yake naziondoa na kuimba tena bila msaada.

Mapigo

Hapa sitakaa sana, kwa sababu mtu aliyekulia huku mapigo anayo mwilini. Kwenye solfa tunagawa mapigo kwa nukta mbili na vistari. Kwenye mistari mitano urefu unaonekana kwa sura ya nota. Krocheti ni kichwa cheusi chenye mguu, minimu ina kichwa kitupu na urefu wake ni krocheti mbili, semibrivu haina mguu na ni krocheti nne. Kweva, yenye mkia, ni nusu ya krocheti. Kwenye MuseScore bonyeza N ili uanze kuandika, kisha namba 5 ni krocheti, 6 minimu, 7 semibrivu, 4 kweva, na 0 ni kunyamaza. Herufi A mpaka G zinaandika nota zenyewe. Ukimaliza, bonyeza kitufe kirefu cha nafasi usikilize.

Kinachowasumbua wengi ni tofauti ya 3/4 na 6/8, zile namba za mapigo zinazoandikwa mwanzoni mwa wimbo, kwa kuwa zote zinabeba kweva sita. Piga makofi sita yaliyo sawa. Gonga mguu kwenye la 1 na la 4: hiyo ni 6/8, mapigo makubwa mawili. Rudia makofi yaleyale, mguu sasa kwenye la 1, la 3 na la 5: hiyo ni 3/4. Ngoma nilizocheza utotoni Kisesa zilikuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, mkono huu unagawa kwa mbili, ule kwa tatu, na hakuna aliyetuambia ni jambo gumu.

Sikio

Kijana anayetupigia kinanda siku hizi alinijia Mwaloni siku moja.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba, karibu.”

“Mama, mimi nikiona nota mkono unakwenda wenyewe. Ila mtu akiniimbia wimbo, siwezi kuuandika. Wewe unaandikaje?”

Nikamwambia anyamaze kidogo asikilize. Kwenye kona ya barabara konda alikuwa anaita abiria wa Buhongwa, sauti mbili, ya juu halafu ya chini. “Hiyo ni nini?” Akafikiri. Akaimba. “So, mi?” Ndiyo, so kushuka mi. Karibu kila mtu anayeita kwa mbali huishia hapo, watoto wakitaniana pia, na wauza maji. Nikamwambia kila siku aandike sauti moja ya mtaani.

Ndivyo ninavyokushauri na wewe. Programu zina mazoezi ya sikio, zinakuchezea sauti mbili ukisie umbali wake, na ni mazuri. Lakini usijifunze umbali ukiwa peke yake bila do. Umbali uleule wa so–mi unasikika tofauti kabisa ukiwa do–la, maana kila sauti ina tabia yake kuhusiana na nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kujibu zoezi, imba do. Halafu toka nje ya zoezi: sikia kitu njiani, honi ya kivuko cha Kamanga, mwito wa mtu, kiitikio cha wimbo, kishike mpaka nyumbani, kiandike kwenye MuseScore, bonyeza kitufe cha nafasi. Kompyuta itakuimbia ulichoandika. Ikiwa sicho ulichosikia, sikio litakuambia palipokosewa.

Nilianza na nyimbo za bibi yangu. Nyingi zina sauti tano tu: do, re, mi, so, la. Kwenye Chrome Music Lab kuna chombo kinaitwa Song Maker, na kwenye mipangilio yake unaweza kuchagua skeli ya sauti tano. Paka rangi vijumba, wimbo unalia. Mpe mtoto achoreshe ovyoovyo, utaona hakosei. Fa na ti zimeondoka, na hatua zote za nusu toni zimeondoka nazo, kwa hiyo hakuna sauti inayogombana na jirani. Niliuandika wimbo aliotubembelezea bibi, nikausikia ukitoka kwenye kompyuta miaka mingi baada ya yeye kutuacha. Sikuweza kuendelea na somo usiku ule.

Kodi, na jambo la umeme

Sauti tatu zikilia pamoja kwa kurukana moja, ni kodi. Do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re: hizi tatu zinabeba nyimbo nyingi za kwaya. Ziandike kwenye MuseScore kwa do unayoitaka, uzicheze, uimbe kila moja ya sauti tatu kwa zamu. Kisha teremsha mi ya kodi ya kwanza nusu toni kwa mshale wa chini, usikilize wimbo mzima unavyobadilika sura. Hiyo ni maina, na ile ya kwanza ilikuwa meja. Tofauti ya meja na maina iko pale katikati, kwenye sauti moja, na mara nyingi sisi wa sauti ya pili ndio tunaoishika.

Kuna kitu kilinisumbua muda mrefu. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi, kinanda kikanyamaza, tukiendelea kuimba wenyewe, kodi ya mwisho inatulia kuliko ilivyokuwa na kinanda. Nilidhani ni giza linatufanya tusikilizane. Ni kweli kwa sehemu, lakini kuna hesabu ndani yake. Kinanda na kompyuta zimegawa oktavu, yaani umbali wa do mpaka do ya juu, katika hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua ina senti 100, senti ikiwa kipimo cha umbali wa sauti. Kwa hiyo mi iko senti 400 juu ya do. Sauti za watu zikiachwa zijipange zenyewe, mtetemo wa do na wa mi hupenda kukaa kwa uwiano wa 4 kwa 5, na hapo mi inakuwa kama senti 386. Mi ya kinanda iko juu kidogo, kwa senti 14 hivi. Oktavu yenyewe haina ubishi: A ya mitetemo 440 kwa sekunde na A ya 880, mara mbili kamili.

Fungua chombo cha Chrome Music Lab kinachochora sauti, kinaitwa Spectrogram, bofya alama ya maikrofoni, uimbe “aaa” moja ndefu. Utaona vistari vingi vimepangana juu ya kile cha chini. Koo moja, sauti nyingi. Ukiimba 220, ndani yake kuna 440, 660, 880 na kuendelea. So na mi zimo tayari ndani ya do yako. Kwa hiyo tumia kompyuta kupata sauti ya kuanzia na kukagua mistari, lakini kodi ya mwisho ya wimbo iachie kwaya iitulize yenyewe.

Kuandikia wenzako

Ukishaweza kunakili wimbo mzima wa sauti nne, bonyeza F10. Kitatokea kipangilio cha sauti, ambapo unaweza kuzima tatu ukabakiza moja. Mimi nahifadhi kila sauti kama MP3 na kuituma kwenye WhatsApp ya kwaya: alto wanapata yao, teno yao. Mmoja wa besi zetu huwa Nansio wiki nzima kwa kazi zake, na akirudi Jumamosi anakuja anajua. Hifadhi na nakala kwenye flashi. Laptopu za mtumba hazitoi taarifa zinapoamua kuzima.

Ule wimbo wa juu ya rundo niliufikia mbalamwezi ya nne. Flati tatu: B, E, A. Ya mwisho ni A flati, hiyo ni fa. Fa, mi, re, do: do ni E flati. Imekaa mstari wa chini kabisa, kwa hiyo mi iko mstari wa pili na so wa tatu. Alto wanaanza na mi.